Msumeno wa ukanda ukikata mshazari, usiilaumu mashine

Kuna lalamiko moja ninalolisikia karibu kila karakana ninayoingia, kuanzia Kimbo na Membley hapa Ruiru hadi Makongeni kule Thika: "Mashine imeharibika, haikati sawa." Ubao ukiingizwa, mkato unakimbilia kushoto. Ukipasuliwa ubao mnene ili zipatikane mbao mbili nyembamba, moja inatoka na tumbo katikati na nyingine inatoka na bonde. Mwenyewe ameshakaza springi mpaka mwisho, ameshabadilisha beringi, na sasa anatafuta mtu wa kumuuzia kwa bei ya hasara. Wazee wetu walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Aghalabu mashine haina kosa lolote. Tatizo liko kwenye ukanda wenyewe, au kwenye marekebisho yaliyofanywa kinyumenyume.

Hilo ndilo ninalotaka kulieleza leo. Msumeno wa ukanda, ambao mafundi wa huku huuita bendiso, una utaratibu wake wa kurekebishwa. Kila hatua inategemea iliyotangulia. Ukiruka moja, zinazofuata zote zinakuwa za kubahatisha.

Mimi ni mtu wa pwani ninayefanya useremala bara. Karakana yangu ni chumba kimoja nyuma ya nyumba hapa Ruiru, na mashine yangu ni ya magurudumu ya inchi 14, saizi ambayo wengi wetu wenye karakana za nyumbani tunaimudu. Nawaandikia ndugu zangu wa Mombasa, Lamu, Malindi na Unguja kwa sababu mashine hizi zimeanza kuingia huko kwa wingi, na vijana wengi wanazinunua bila ya kupata mtu wa kuwaonyesha.

Kwanza, kwa nini jambo hili ni zito

Ruiru imejaa majengo mapya. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji huu, na mashamba ya kahawa yanaendelea kugeuka nyumba. Kila nyumba inataka makabati, milango na vitanda, kwa hivyo kazi ya mbao ipo. Lakini mbao zenyewe ni ghali. Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na tangazo la kuiondoa marufuku hiyo halikuja mpaka Julai 2023. Katika miaka hiyo mafundi wengi waliegemea miti ya mashambani, hasa mukima, mti unaopandwa mipakani mwa mashamba ya huku.

Fundi anayepasua ubao kwa msumeno wa duara hugeuza sehemu kubwa ya mali yake kuwa unga, kwa sababu bamba lake hula kama milimita 3 kila mkato. Ukanda mwembamba hula karibu nusu ya hapo. Mashine iliyorekebishwa vizuri itakutolea mbao mbili safi mahali ambapo ungepata moja na ungaunga. Mashine iliyorekebishwa vibaya itakuharibia zote mbili, na siku mbaya itakuchukua na kidole.

Ukanda ni kitu gani

Mwingereza William Newberry alipata hataza ya msumeno wa ukanda mwaka 1808. Wazo lilikuwa zuri, lakini mashine haikufaa kitu kwa karibu miaka 40, kwa sababu kanda za wakati ule zilikatika ovyo. Ukanda hupinda na kunyooka kila unapopita juu ya gurudumu, na pale ulipounganishwa ndipo ulipoachia. Aliyefungua njia ni mwanamke wa Kifaransa, Anne Paulin Crepin, aliyebuni namna ya kuunganisha chuma hicho, akaomba hataza mwaka 1846, kisha akaiuzia haki hiyo kampuni ya Perin ya Paris.

Nimeitaja historia hii kwa sababu somo lake lingali pale pale. Ukanda una mambo matatu ya kuangaliwa kabla ya kitu kingine chochote.

La kwanza ni kiungo. Pitisha kidole (ukiwa na glavu) juu ya mgongo wa ukanda pale ulipounganishwa. Pasiwe na ngazi wala uvimbe. Weka ukingo wa rula kwenye mgongo huo uone kama pande mbili zimekaa katika mstari mmoja. Kuna muuzaji mmoja, sitamtaja, aliyeniuzia kanda tatu zilizounganishwa zikiwa zimepinda. Kila moja ilikuwa ikigonga beringi ya nyuma mara moja kila mzunguko kama saa ya ukutani. Ukanda wa namna hiyo haurekebishiki kwa skrubu yoyote. Urudishe.

La pili ni meno. Ukiyatazama kwa mbele utaona yamepindwa kidogo, moja kushoto, moja kulia, ili mkato uwe mpana kuliko mgongo wa ukanda na ukanda upate nafasi ya kupita. Mpindo wa pande mbili ukiwa hauko sawa, au makali ya upande mmoja yakiwa yamekufa, mkato hukimbilia upande wenye makali. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya mkato wa mshazari, na ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Mara nyingi chanzo ni msumari au waya mmoja tu uliopitiwa pembeni.

La tatu ni mabonde yaliyo baina ya meno. Kazi yake ni kubeba unga na kuutoa nje. Yakijaa utomvu wa saipresi au paini, ukanda unakuwa kama mchukuzi aliyejaza kikapu na hana pa kumwaga: unachemka, unayumba, unaunguza mbao. Utomvu huondoka kwa maji ya moto yenye sabuni na brashi. Kausha vizuri na upake mafuta kidogo.

Kuchagua ukanda wa kazi yako

Ukanda mmoja hauwezi kufanya kila kazi, kama vile patasi moja haichongi nakshi zote. Kwa kupasua ubao mpana, tumia wenye meno machache, kama 3 kwa kila inchi, na upana wa nusu inchi au zaidi kadiri mashine yako inavyoruhusu. Kwa kazi za kawaida, meno 4 hadi 6 yanatosha. Kwa mbao nyembamba, tumia meno 10 au zaidi. Kanuni rahisi ni kwamba wakati wowote yawe yanagusa mbao meno yasiyopungua 3, na yasizidi sana 12.

Upana wa ukanda ndio unaoamua kona utakazoweza kukata. Ukanda wa robo inchi hugeuka kwenye duara la nusu kipenyo cha kama milimita 16. Wa nusu inchi unataka kama milimita 64. Anayelazimisha ukanda mpana upinde kona ndogo anausokota, na baadaye anashangaa kwa nini umekatika.

Unene nao una hesabu yake. Kwa magurudumu ya inchi 14, ukanda wa unene wa kama milimita 0.6 ndio wa kawaida. Ukiweka wa milimita 0.9 uliotengenezewa mashine kubwa kwa kudhani utadumu zaidi, unapata kinyume chake: chuma kinene kinapopindwa juu ya gurudumu dogo huchoka na kupasuka.

Utaratibu wa kurekebisha

Sasa tuingie kwenye mashine. Chomoa waya wa umeme ukutani kwanza. Kuzima swichi hakutoshi. Vaa glavu unaposhika ukanda, na uzivue kabla ya kuwasha mashine, maana glavu ikinaswa na ukanda unaokwenda huvuta mkono.

1. Rudisha nyuma vishikio vyote. Vishikio ni zile beringi au vipande vinavyoushika ukanda pembeni na nyuma, juu na chini ya meza. Viondoe kabisa visiguse ukanda. Watu wengi huviacha pale pale, kisha huvitumia kuulazimisha ukanda unyooke. Hapo umeshakosea, kwa sababu hutajua tena ukanda unataka kwenda wapi wenyewe.

2. Safisha magurudumu. Angalia zile tairi za mpira. Unga uliogandamana juu yake ni kama jiwe chini ya mguu wa kitanda: kila mzunguko ukanda unaruka. Mpira uliochanika au kulika bonde ubadilishwe.

3. Vaa ukanda, meno yakiangalia kwako na kuelekea chini mezani. Kama yanaelekea juu, ukanda umegeuka nje ndani. Ushike kwa mikono miwili na uupindue. Jambo hili huwapata hata mafundi wazoefu, wakamaliza nusu saa wakilaumu makali.

4. Kaza kidogo, kisha zungusha gurudumu la juu kwa mkono. Tazama ukanda unakaa wapi. Nyuma ya gurudumu la juu kuna kitasa cha kuliinamisha. Ukiliinamisha nyuma, ukanda hurudi nyuma. Ukiliinamisha mbele, huja mbele. Zungusha kitasa kidogo kidogo, na baada ya kila robo ya mzunguko zungusha gurudumu mara kadhaa uone matokeo. Unataka ukanda ukae katikati ya gurudumu la juu. Mafundi wengi, nami nikiwemo, huweka mabonde ya meno juu ya kilele cha gurudumu, kwa sababu hapo ukanda huwa na utulivu na mkato hauyumbi.

5. Kaza kikamilifu. Kipimo kilichochorwa kwenye mashine ni cha kukisia tu, kwa sababu springi ikizeeka hulegea na namba haziaminiki. Njia ninayoitumia ni hii: pandisha kishikio cha juu hadi kama inchi 6 kutoka mezani, halafu sukuma ukanda kwa kidole kutoka ubavuni, kwa nguvu ya wastani. Usogee kama milimita 6, basi. Ukisogea zaidi, umelegea. Usiposogea kabisa, umezidisha. Wapo wanaoudunda kama uzi wa udi na kusikiliza mlio. Hilo linafaa kwa aliyezoea mashine yake mwenyewe, lakini mlio wa mashine moja hauhamishiki kwa nyingine.

6. Rudi kwenye hatua ya 4. Ukishakaza, ukanda husogea tena kidogo. Hakikisha bado umekaa katikati. Funga milango ya magurudumu, simama kando, washa kwa sekunde chache, zima. Ukitulia, chomoa waya tena uendelee.

7. Sogeza vishikio vya pembeni. Viwe nyuma kidogo ya mabonde ya meno. Vikigusa meno vitayaua makali kwa dakika moja. Nafasi baina ya kishikio na ukanda iwe unene wa karatasi. Kata kipande cha karatasi, kizungushie ukanda, bana vishikio, kaza skrubu, vuta karatasi. Fanya juu na chini ya meza. Wengi husahau vile vya chini kwa kuwa havionekani.

8. Sogeza beringi ya nyuma. Iwe mbali na mgongo wa ukanda kwa kiasi cha unene wa kadi ngumu. Mashine ikienda bila mbao, beringi hiyo isizunguke. Mbao ikisukuma ukanda nyuma, ndipo izunguke. Ikizunguka muda wote, inakula mgongo wa ukanda.

9. Nyoosha meza. Weka skwea ya seremala juu ya meza na uigusishe na ubavu wa ukanda. Hakikisha pembe ni nyuzi 90, usiamini ile mishale ya chini ya meza.

10. Mwisho kabisa ndio kiongozo, yaani ile pao ya kuegemezea mbao. Chora mstari mnyoofu kwenye kipande cha mbao kisicho na thamani, sambamba na ukingo wake. Washa, kata kwa mkono mtupu ukifuata mstari. Ukifika katikati, zima mashine huku umeishika mbao pale pale, usiitikise mpaka ukanda usimame. Ile pembe iliyokaa mbao ndiyo njia ya ukanda wako. Funga kiongozo sambamba na pembe hiyo.

Pembe hiyo ikiwa ndogo, ni kawaida. Ikiwa kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho ukiwa umesimama mlangoni, usifunge kiongozo kuifuata. Rudi kwenye meno. Upande mmoja umekufa.

Shahidi wa ukutani

Nina pendekezo moja ambalo limeniokolea pesa kuliko kifaa chochote. Nunua ukanda mmoja mzuri, mpya, wenye meno 3 au 4 kwa inchi, uutundike ukutani na usiufanyie kazi ya kila siku. Huo ndio shahidi. Mashine ikianza vituko, vaa shahidi, fuata hatua kumi, kata ubao mmoja. Tatizo likiondoka, mashine haina hatia na ukanda wako wa zamani ndio mkosaji. Tatizo likibaki, sasa una haki ya kufungua magurudumu na beringi. Mashine nyingi zinazouzwa kwa hasara kandokando ya barabara ya Thika zingeachiwa huru kwa ushahidi huu mmoja.

Dalili na sababu zake

Mbao inatoka na tumbo. Ukanda umelegea, umekuwa butu, una meno mengi mno kwa upana wa ubao, au unasukuma kwa haraka. Mabonde yakijaa, ukanda hutafuta pa kukimbilia ndani ya mbao. Punguza kasi ya mkono kabla ya kugusa springi.

Mbao inaungua. Makali yamekwisha, au kuna utomvu, au unasukuma polepole mno hadi meno yanasugua badala ya kukata.

Mlio wa tik-tik-tik unaofuata mzunguko. Zima mara moja. Ni kiungo kibaya au ufa uliokwisha kuanza. Kagua mabonde ya meno inchi kwa inchi kwenye mwanga. Ufa ukionekana, ukate ukanda vipande uutupe, asije mtu mwingine akauokota na kuutumia.

Ukanda unakatika. Tazama umekatikia wapi. Ukikatika kwenye kiungo, kosa ni la aliyeunganisha. Ukikatika kwenye mabonde ya meno, ni uchovu: umekazwa kupita kiasi, ni mnene kwa magurudumu yako, vishikio vimebana, au umelazimishwa kona ndogo. Sababu nyingine ni kuuacha umekazwa usiku kucha na wiki nzima. Ukimaliza kazi, legeza springi, kisha tundika kibandiko mlangoni kinachosema "UMELEGEZWA" ili asubuhi mtu asiwashe bila kukaza.

Ukanda unatoka kwenye gurudumu. Mara nyingi hutokea mtu anaporudisha mbao nyuma kutoka kwenye mkato mrefu huku mashine ikienda. Zima kwanza, ukanda usimame, ndipo urudishe. Kama unatoka bila sababu hiyo, angalia tairi na uone kama magurudumu mawili yako katika mstari mmoja kwa kuweka ubao mrefu ulionyooka mbele yake.

Mashine nzima inatetemeka. Kabla ya kumwita fundi, angalia unga kwenye tairi, mkanda wa mota uliopinda kwa kukaa muda mrefu, na miguu ya mashine kwenye sakafu isiyo sawa.

Jambo la umeme

Mashine nyingi zinazouzwa kama mitumba zinatoka nje. Kabla ya kununua, soma kibati cha mota. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine ya Marekani imetengenezewa volti 120 na mizunguko 60. Hata ukiiwekea transfoma ya kupunguza volti, mota itazunguka polepole kwa sehemu moja katika sita, na ukanda nao vile vile. Makali mazuri yataonekana butu kumbe ni mwendo. Ukikuta kwenye kibati maneno ya fezi tatu na volti 415, jua kwamba nyumbani huna umeme huo. Itabidi ubadilishe mota.

Na ikiwa mota inapoteza nguvu jioni tu, watu wote wanapopika na kuwasha taa, basi ukanda hauhusiki. Pima volti.

Mbao za kwetu na za huku

Mukima wa hapa Thika na Ruiru hukua kwenye mipaka ya mashamba, na mpaka maana yake ni ua. Watu hupigilia misumari na waya wa seng'enge kwenye shina, mti unakua na kuumeza. Nje huoni kitu. Kabla ya kupasua, tafuta madoa meusi au ya bluu kwenye mbao. Hayo ni kutu iliyosambaa, na msumari uko karibu. Kifaa kidogo cha kutambua chuma kina faida hapa. Mbao za paleti za viwandani nazo ni hivyo hivyo.

Pwani mna majaribu mengine. Mvule una tabia ya kuficha mawe meupe ya chokaa ndani yake, na jiwe moja linamaliza ukanda mzima. Msaji una mchanga mchanga wa asili unaokula makali polepole. Mnazi ndio mgumu zaidi kuuelewa: nje ni mgumu, moyoni ni laini, na ukanda hukimbilia ulaini. Anayepasua mnazi atumie ukanda mkali, asukume taratibu, na asishangae mkato ukitaka kupinda. Hapo kosa ni la mbao, si la mashine. Mvinje wa mashamba ya Kilifi na Kwale, ukikauka, unataka makali mapya na subira.

Kisha kuna chumvi ya bahari. Ukanda ambao Thika utakaa ukutani miezi bila doa, Mombasa utapata kutu kwa siku chache, na kutu huanzia mabondeni, mahali pale pale ufa unapoanzia. Upanguse kwa kitambaa chenye mafuta kila ukimaliza kazi. Meza ya chuma ipakwe nta ya nyuki; mbao itateleza vizuri na kutu haitashika.

Vidole na mapafu

Msumeno wa ukanda haurushi mbao kama wa duara, na hapo ndipo watu wanapoudharau. Unakata kimya, nao hausubiri. Teremsha kishikio cha juu hadi kibaki kama kidole kimoja juu ya mbao. Kila inchi iliyo wazi ni inchi ya hatari, tena ukanda ulioachwa wazi hukata kwa kuyumba. Mwisho wa mkato sukuma kwa kijiti, si kwa dole gumba. Na msikate kitu cha mviringo kwa mkono mtupu. Nawasemesha hasa mafundi wa Lamu wanaofanya kazi na boriti: meno yakikamata kitu cha mviringo hukizungusha ghafla, na mkono huenda nacho. Kitengenezee kitanda chenye mfereji wa umbo la V na ukifunge humo.

Unga wa mbao nao si wa kudharauliwa. Mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Barakoa na dirisha wazi ni sehemu ya vifaa vya kazi.

Kwa mwenye karakana aliyeajiri au kuchukua wanafunzi, Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inayotaka sehemu za hatari za mashine zikingwe, na sheria ya fidia kwa waliojeruhiwa kazini ya mwaka huo huo. Karakana kuwa nyuma ya nyumba hakukuondolei wajibu. Ile milango ya magurudumu inayovuliwa "ili mashine ipumue" ni ya kurudishwa leo.

Mimi nina maoni kuhusu vijana tunaowafundisha. Tunawapa mashine mapema mno na maelezo kwa kuchelewa mno. Kijana anaonyeshwa swichi siku ya kwanza, na ukanda unapokatika mwezi wa pili anagombezwa. Naona bora iwe kinyume: asiwashe mpaka aweze kuvua ukanda, kuutaja kasoro zake, kuurudisha kwa hatua zote kumi, na kueleza kwa nini vishikio hurudishwa nyuma kwanza. Ni kazi ya siku mbili. Babu zetu waliochonga milango hawakumpa mwanafunzi patasi kabla hajajua kuinoa, na sioni kwa nini umeme utubadilishie adabu hiyo.

Ikiwa mashine yako imekaa pembeni imefunikwa gunia kwa sababu "imeharibika", fungua gunia, chomoa waya, vua ukanda uutazame meno yake kwenye mwanga. Anzia hapo.